Majina Matatu Kabla ya Kutuma Pesa ya Pikapu

Ukisimama kando ya barabara ya Njoro kwenda Mau Narok asubuhi ya siku ya soko, utahesabu pikapu mpaka uchoke. Zimebeba viazi, kabeji, karoti, mitungi ya maziwa, magunia ya mbolea, na pengine ng'ombe mmoja aliyefungwa kamba mara mbili. Kutoka Molo hadi Subukia, kutoka Ol Kalou hadi Eldama Ravine, hilo ndilo gari la kazi. Mkulima akipata msimu mzuri, baada ya karo jambo linalomjia kichwani ni kuacha kulipa gari la mtu mwingine kila anapoteremsha mzigo Nakuru.

Pikapu mpya wengi wetu hatuiwezi. Kwa hivyo mtu hutafuta iliyotumika, na siku hizi pesa ya kuinunua, nusu yake au hata yote, hupitia kwenye simu. Hapo ndipo sisi tunaingia, na ndiyo maana tunaandika haya.

Maoni yetu ni kwamba usitume hata shilingi moja ya pikapu mpaka majina matatu yawe jina moja: jina lililo kwenye rekodi ya NTSA, jina lililo kwenye kitambulisho cha mtu aliyesimama mbele yako, na jina linalotokea kwenye simu yako unapotaka kumtumia pesa. Na ile pesa ya "kushikiliwa gari" kabla hujaliona, tunaipinga kabisa. Tunajua sisi huishi kwa miamala, ukituma tunapata ada. Bado tunasema usitume.

Kwa nini tunasema pikapu hasa, si gari lolote? Kwa sababu historia yake ni ndefu. Ukinunua Probox au Vitz iliyoshuka Mombasa juzi kutoka Japani, aliyeitumia kabla yako yuko mbali, na usajili wake wa Kenya unaanza na muagizaji. Pikapu si hivyo. Toyota yenyewe iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na haikuirudisha sokoni huko mpaka 2017, kwa hivyo hapakuwa na Hilux zilizouzwa Japani miaka hiyo za kuletwa huku zikiwa mitumba. Isuzu D-Max nazo huundwa hapa hapa Nairobi na kuuzwa zikiwa mpya. Na zile pikapu kubwa za Kimarekani ambazo watu huona kwenye sinema, usukani uko kushoto, na sheria ya Kenya hairuhusu gari la kawaida la namna hiyo kusajiliwa. Ongeza kwamba gari la kuagizwa lisizidi miaka 8 tangu kutengenezwa. Matokeo yake ni kwamba pikapu utakayoonyeshwa Nakuru, mara nyingi, imezeeka hapa hapa. Ilianza kwa kampuni ya maua Naivasha, au kwa mkandarasi, au kwa shirika fulani. Ikauzwa kwa mnada. Mwalimu akainunua, akamuuzia mfanyabiashara wa mbao Elburgon, naye akamuuzia mkulima wa Kuresoi, ambaye sasa anataka kukuuzia wewe.

Sasa uliza: kati ya hao wote, nani alibadilisha jina?

Mara nyingi jibu ni hakuna. Zamani watu walipeana logbuku na fomu ya uhamisho iliyotiwa sahihi bila jina la mnunuzi, gari likaenda. Kila mmoja alijiambia atabadilisha "nikipata nafasi." Lakini Sheria ya Barabara, Sura ya 403, haina mchezo na jambo hili. Kifungu cha 8 kinasema mwenye gari ni yule ambaye jina lake liko kwenye usajili, isipokuwa ithibitishwe vingine. Kifungu cha 9 kinasema gari likishauzwa lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mwenye mpya kusajiliwa. Kwa hivyo ukimlipa mkulima wa Kuresoi, umemlipa mtu ambaye, kwa macho ya sheria, si mwenye gari mpaka athibitishe. Na yule mwalimu, ambaye pengine alishahamia Kitale na akasahau hata rangi ya gari, ndiye atakayetafutwa likigonga mtu Sachangwan.

Rekodi ya gari huombwa kwenye eCitizen, upande wa huduma za NTSA. Ada yake ni mia tano na kitu, chini ya bei ya debe la mafuta. Itakuonyesha jina la mwenye, namba ya chasisi, namba ya injini, mwaka wa kutengenezwa, na kama gari limefungwa na mkopo wa benki au Sacco. Iombeni mkiwa mmekaa pamoja, wewe na muuzaji, ili mfumo ukitaka aidhinishe kwa simu yake, aidhinishe hapo hapo. Malipo hayo ya serikali huenda Paybill 222222 na si kwingine. Mtu akikuambia, "Nitumie mimi kwa namba yangu, nina kijana pale NTSA atanifanyia haraka," huyo hakufanyii haraka, anakufanyia kazi nyingine.

Usikubali pia rekodi iliyochapishwa na muuzaji wiki iliyopita. Karatasi hutengenezwa. Ile uliyoomba mwenyewe, kwa akaunti yako, leo, ndiyo rekodi.

Ukiwa nayo mkononi, lala chini ya gari. Ndiyo, lala chini, vaa nguo za shamba siku hiyo. Namba iliyopigwa kwenye chasisi ifanane na ya kwenye rekodi, herufi kwa herufi. Ikiwa mahali pake pamesuguliwa, pamechomelewa au pamepakwa rangi mpya wakati chuma kingine chote kina kutu, ondoka. Usibishane.

Jina la tatu, lile la kwenye simu, ndilo watu hulipuuza. Unapotuma pesa, simu hukuonyesha jina la mwenye namba kabla muamala haujakamilika. Wateja wengi hubonyeza tu, kwa sababu wameshazoea kumtumia mama mboga mia mbili. Kwa laki mbili, soma. Rekodi ikisema jina moja na simu ikasema jina lingine, simama, hata kama maelezo ni matamu.

Na maelezo huwa matamu. Utaambiwa gari ni la mjomba yuko Qatar. Sawa, mjomba ana simu, na mjomba ana akaunti ya eCitizen, kwa hivyo aanzishe uhamisho mwenyewe akiwa huko huko na pesa iende kwa akaunti yake ya benki yenye jina lake. Kuwa mbali si kizuizi tena. Utaambiwa gari ni la marehemu baba. Pole sana, lakini mali ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama itoe barua za usimamizi wa mirathi, na Sheria ya Urithi inamhesabia kosa la jinai anayeigusa bila ruhusa. Mtoto mmoja akikuuzia, wenzake wanne watakuja na chifu. Utaambiwa gari ni la kampuni na huyu ni meneja. Basi pesa iende kwa akaunti ya kampuni. Kampuni halisi haiuzi gari lake kwa namba ya meneja.

Kuna broka pia. Hatuna ugomvi na mabroka. Wengi ni watu wa maana, wanajua magari, na jasho lao ni halali. Broka mzuri wa Nakuru atakuokolea mwezi mzima wa kuzunguka. Lakini broka alipwe pesa ya broka, na mwenye gari alipwe pesa ya gari. Zikichanganywa kwenye namba moja, siku ya mgogoro broka atasema alishampa mwenye, mwenye atasema hajaona kitu, na wewe utabaki na ujumbe wa simu unaoonyesha kwamba ulimtumia broka. Ujumbe huo ni ushahidi mzuri kwamba pesa ilitoka kwako ikamfikia fulani. Hausemi ilikuwa ya nini. Hilo husemwa na mkataba wa mauziano, wenye namba ya gari, namba ya chasisi, bei, tarehe, sahihi na nakala za vitambulisho, na kwa gari la bei hii mlipe wakili awashuhudie. Andikeni kwenye mkataba huo namba ya kila muamala.

Turudi kwa pesa ya kushikilia. Mtindo wake tunaujua kwa moyo. Picha za D-Max safi mtandaoni, bei iko chini kidogo kuliko ya wengine, si chini sana mpaka ushtuke. Unapiga simu. "Boss, iko, lakini kuna mtu wa Gilgil anakuja saa nane na pesa yake yote. Ukinitumia elfu ishirini sasa hivi namwambia asitoke." Wewe uko Olenguruone, matatu ya kukufikisha mjini ni saa kadhaa, na pikapu kama hiyo umeitafuta miezi mitatu. Elfu ishirini si kitu ukilinganisha na milioni. Unatuma. Kufika Nakuru, simu imezimwa.

Watu hutuuliza: si mnaweza kurudisha? Kurudisha muamala kuliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea namba. Hakukuwekwa kuamua nani alimdanganya nani kwenye biashara. Zaidi ya hayo, pesa ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kurudisha, na mlaghai huitoa kabla hujamaliza kumwambia mke wako umepata gari. Kwa hivyo msimamo wetu ni mkali: yule mtu wa Gilgil, kama yupo, mwache achukue. Pikapu nyingine zipo. Arbuni ya halali hutolewa baada ya kuona gari, rekodi na mwenye wake, na huandikwa kwenye mkataba pamoja na sharti la kuirudisha.

Sasa hesabu ya simu yenyewe, ambayo wengi huigundua wakiwa katikati ya safari. Mnamo Agosti 2023 Benki Kuu iliruhusu kikomo cha muamala mmoja wa M-Pesa kupanda hadi shilingi 250,000, na kikomo cha siku na cha salio kuwa 500,000. Wacha tuseme pikapu ni milioni moja na laki mbili. Hiyo ni miamala mitano, na kwa kikomo cha siku ni siku tatu. Muuzaji naye hawezi kushika zaidi ya laki tano, kwa hivyo kila jioni lazima ahamishe kwenda benki kabla hujamtumia zingine. Na katika siku hizo tatu, gari liko wapi? Logbuku iko kwa nani? Umeshalipa milioni, bado laki mbili, na muuzaji anasema bei ya dizeli imepanda na ameghairi. Au kinyume chake: amekupa gari siku ya kwanza, nawe umeingia nalo Baringo na hupokei simu.

Ndiyo maana, ingawa ni biashara yetu, tunaona pesa kubwa ya pikapu ipite benki. PesaLink hubeba karibu milioni moja kwa mara moja kutoka benki hadi benki, na ikizidi hapo kuna RTGS, ambayo huingia siku hiyo hiyo ukienda mapema. Hundi haifai, kwa sababu haivuki milioni moja na muuzaji hawezi kujua kama itarudi. Simu iwe ya vipande vidogo: ada ya rekodi, fundi, broka, mafuta ya kulijaribu gari, na arbuni iliyoandikwa. Kaeni benki, mezani, muuzaji afungue eCitizen na kuanzisha uhamisho, wewe uupokee kwa akaunti yako, ada ilipwe, kisha pesa kubwa iende. Bakisha sehemu, iandikwe kwenye mkataba, ilipwe jina likishabadilika. Muuzaji mkweli hatachukia, kwa sababu naye jina lake linatoka kwenye gari atakalokuwa hana mamlaka nalo.

Tukiwa hapo kwa muuzaji, naye ni mteja wetu. Wewe unayeuza, usitoe ufunguo kwa sababu umeonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi, au kwa sababu umepokea ujumbe unaofanana na wetu. Ujumbe wa uongo huandikwa na mtu yeyote. Angalia salio lako mwenyewe. Kama pesa haiko kwenye salio, haijaingia, hata mnunuzi akiapa.

Kuhusu gari lenyewe tutasema machache, maana hilo ni la fundi, na fundi awe wako. Fika bila kutangaza saa, ukute injini baridi. Muuzaji aliyeipasha moto mapema ana sababu. Lipeleke juu. Nakuru iko karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari na Molo iko zaidi ya 2,400, na mlima huo utakuambia habari za injini na klachi ambazo kuzunguka mjini hakuwezi. Kurudi kwenye mteremko utazijua breki. Kama unaweza, lijaribu likiwa na mzigo. Pikapu ya tani moja ni magunia 20 ya kilo 50, na huku kwetu ni wachache walioishia 20, kwa hivyo tazama springi zilizoongezwa na chasisi iliyochomelewa nyuma ya kabini. Usidanganywe na namba mpya za gari: herufi zake husema lilisajiliwa Kenya lini. Lilitengenezwa lini, hiyo ni habari nyingine.

Swali gumu zaidi tunaloulizwa linatoka kwa vyama. Watu kumi na wawili wa Bahati wamechanga kwa miaka miwili, wanataka pikapu ya kupeleka mazao yao sokoni. Pesa imekaa kwenye simu ya mweka hazina, na gari litaandikwa kwa jina la mwenyekiti "kwa muda." Kumbuka kile kifungu cha 8. Mwenyekiti akifariki, gari ni la mirathi yake. Akikopa kwa logbuku, gari ni la mkopeshaji kwanza. Hatusemi ni mtu mbaya. Tunasema hakuna karatasi inayosema nyinyi wengine mko. Kikundi kisajiliwe, kiwe na PIN ya KRA na akaunti ya benki yenye sahihi tatu, na gari lisajiliwe kwa jina la kikundi. Inachukua wiki kadhaa na inachosha. Tumesikia wakisema itaharibu urafiki, eti inaonyesha hawaaminiani. Kwa maoni yetu, urafiki wa watu kumi na wawili hauwezi kubebeshwa milioni moja bila karatasi, kama vile pikapu ya tani moja haibebeshwi tani mbili.

Na usijazie bei kwa mkopo wa simu wa siku thelathini. Pikapu hailipi ndani ya siku thelathini. Wiki ya kwanza itataka magurudumu, bima na kodi ya mapema ya magari ya mizigo, na ukaguzi wa kila mwaka wa NTSA pia unakungoja. Kama umepungukiwa na laki moja, Sacco yako itakukopesha kwa muda mrefu na riba unayoielewa, au subiri msimu mmoja.

Bima ya mwenye wa zamani haikufuati. Lipia yako kabla hujalitoa gari pale mlipo, hata kama nyumbani ni Lanet tu.

Kama umesoma haya umechelewa na pesa imeshatumwa kwa mtu ambaye hashiki simu, usingoje kesho. Pigia huduma kwa wateja saa hiyo hiyo, taja namba ya muamala na uombe akaunti iangaliwe. Wakati mwingine pesa bado haijatolewa. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe, uandikishe na uchukue namba ya OB, kwa sababu bila hiyo hatuwezi kumpa mpelelezi rekodi za namba ile. Usifute mazungumzo, picha za gari wala tangazo, hata ukiona aibu kuyasoma. Na mtu akikupigia siku mbili baadaye akisema anaweza kukurudishia pesa yako kwa ada kidogo, ni yule yule.